Nanaa ya kupanda uani: uchague ipi?

Swali: Bwana shamba, habari za kazi. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Uani kwangu kumesakafiwa kwa saruji, nafasi iliyobaki ni ya ndoo chache tu ukutani. Nataka nipande nanaa yangu mwenyewe maana kila wiki nanunua: ya chai, ya chatini ya bhajia, ya biriani tukiwa na wageni, ya juisi ya ndimu kwa watoto. Mama mkwe ninayekaa naye ananiomba ya kumsaidia gesi na kiungulia. Mwaka jana nilipanda mbegu za pakiti iliyoandikwa "Peppermint". Ziliota vizuri, lakini majani hayakuwa na ladha ya maana. Sasa kwa wauza miche wa barabarani nimeona nanaa ya Moroko, ya chokoleti, ya nanasi, ya tufaha na nyingine majina yamenitoka. Nichukue zipi? Maji ni ya bomba yakitoka, yakikatika tunachota ya kisima, yana chumvi kidogo. Halafu, ni kweli nanaa inafukuza mbu?

Jibu: Salama, dada yangu. Panda nanaa ya kawaida, ile ile unayonunua sokoni, na uipande kwenye ndoo mbili. Ukibakiwa na nafasi, ya tatu iwe pepaminti. Hizo nyingine zina wapenzi wake, lakini kwa matumizi uliyoyataja na kwa joto la Dar, utakuwa unalipia majina.

Tuanze na pakiti yako, maana imewakwaza wengi. Pepaminti ya kweli, *Mentha × piperita*, ni chotara wa nanaa ya kawaida (*Mentha spicata*) na nanaa ya majini (*Mentha aquatica*). Chotara huyu ni tasa. Anatoa maua, lakini mbegu za kutegemewa hana. Mtaalamu wa mimea John Ray alimweleza kitabuni huko Uingereza mwaka 1696, na tangu hapo ameenea duniani kwa kukatwa vipande vya shina na kupandwa tena, mkono kwa mkono. Mitcham, kusini mwa London, palikuwa na mashamba yake karne ya 18, na mpaka leo kuna pepaminti inayoitwa kwa jina la mji huo. Kwa hiyo pakiti ya mbegu ikikuambia ndani mna pepaminti, kilichomo ni kitu kingine, mara nyingi nanaa ya kawaida au mchanganyiko usio na mwenyewe. Hata nanaa ya kawaida ukiipanda kwa mbegu haikuhakikishii kitu. Minanaa huchavushana ovyo, na kila mche unatoka na ladha yake, mmoja mtamu, wa pili majani matupu. Wewe uliangukia hao wa pili.

Ndiyo maana mimi huwaambia watu nanaa hainunuliwi kwa lebo. Inunue kwa pua. Ukifika kwa muuza miche, omba jani moja la katikati ya shina (la juu kabisa bado changa, la chini limezeeka), lisugue kati ya vidole, linuse, kisha litafune. Nanaa ya kawaida ina utamu fulani, harufu ya jojo, na haiachi ubaridi mdomoni. Pepaminti inauma kidogo, halafu ukivuta pumzi unasikia baridi inapanda mpaka puani. Baridi hiyo ni mentoli. Tazama na jani lenyewe: la nanaa ya kawaida limekaa juu ya shina karibu bila kikonyo, la pepaminti lina kikonyo kinachoonekana wazi, na shina lake aghalabu lina rangi ya zambarau. Ukisugua usisikie cho chote ila majani, rudisha mche hata kama lebo yake imeandikwa kwa dhahabu. Na ukikutana na jani nene lenye manyoya linalonuka dawa ya kuchua kifua, huo ni mmea mwingine wa ukoo mmoja na nanaa. Sufuria ya chai haiuhitaji.

Harufu ya nanaa ya kawaida inatokana na kemikali iitwayo kaavoni. Cha kuchekesha ni kwamba kisibiti nacho kina kaavoni, molekuli ile ile ila imegeuzwa kama sura kwenye kioo, na pua yetu inazitofautisha kabisa, hii nanaa, ile kisibiti. Pepaminti inategemea mentoli, na hapo ndipo penye uamuzi wako wa jikoni. Mentoli ikiingia kwenye chatini inaifunika kotmiri, pilipili na ndimu vyote kwa pamoja. Kwenye biriani ndiyo balaa zaidi, maana wageni watadhani umepikia dawa ya meno. Matumizi manne kati ya matano uliyoyataja yanataka kaavoni, ndiyo sababu nakusukumia nanaa ya kawaida bila kusitasita.

Mche mzuri wa kuanzia huhitaji hata kuununua kwa muuza miche. Nenda sokoni asubuhi, Kisutu kwa mfano, uchague fungu la nanaa lenye mashina magumu kiasi. Yale laini kama uzi yaache. Geuza majani uone kwa chini: yawe safi, yasiwe na vidoa vya rangi ya machungwa (nitaeleza sababu). Sugua, nusa, tafuna. Ukiridhika, fungu moja linakutosha kwa chai ya leo na bustani ya mwaka. Kata vipande vya urefu wa kiganja, ukikata chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo kwenye kifundo. Ondoa majani ya nusu ya chini, usimamishe kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini jua halipigi, na ubadilishe maji kila baada ya siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hivi utaona nyuzi nyeupe. Zikifikia urefu wa pingili ya kidole, hamishia kwenye udongo. Vipande vitano au sita kwa ndoo vinatosha.

Nanaa ya sokoni ina sifa nyingine ambayo muuza miche hawezi kukuhakikishia: imelimwa hapa hapa, kwa joto na unyevu huu huu, na imestahimili mpaka ikafika mezani. Mche uliolelewa kwenye ubaridi wa milimani ukaletwa Dar kwa gari unaweza kupendeza wiki ya kwanza, ya tatu ukaanza kunyong'onyea.

Hiyo ya Moroko uliyoiona ni nanaa ya kawaida vile vile, *Mentha spicata*, ila ni aina iliyochaguliwa kwa ajili ya chai. Majani yake yamejikunja kidogo, kijani chake kimeng'aa, na ladha yake ni tamu na safi. Wamoroko huitia kwenye chai ya kijani pamoja na sukari ya kutosha. Kama muuzaji anayo kweli na imepita mtihani wa pua, ichukue kwa ndoo moja, nyingine uweke ya sokoni. Bei ikiwa mara tatu ya miche mingine, achana nayo.

Ya chokoleti ni aina ya pepaminti, yenye mashina ya rangi ya kahawia iliyoiva. Ukiinusa unakumbuka peremende za chokoleti, ukiitafuna ni pepaminti tu. Watoto wataipenda siku mbili. Ya tufaha na ya nanasi zote ni *Mentha suaveolens*. Majani yake yana manyoya, na manyoya hayo kwenye chatini ulimi unayasikia, hata ukisaga. Ya tufaha kwenye jagi la maji baridi si mbaya. Ya nanasi ina mistari myeupe ukingoni, inapendeza sana mlangoni, lakini huo weupe jua la saa saba linauchoma, na ladha yake ni hafifu.

Kuna moja sitaki uilete nyumbani kabisa: *Mentha pulegium*. Ni mnanaa mdogo wa kutambaa, majani yake madogo sana, maua ya zambarau yamezunguka shina kwa mafungu. Nchi za nje huuzwa kama mmea wa kufunika ardhi. Ina pulegoni kwa wingi, sumu inayoharibu ini na inayoweza kuharibu mimba, na mafuta yake yaliyokamuliwa yameshaua watu. Kwenye nyumba ambamo kila mtu anachuma jani na kutumbukiza kwenye birika, mmea huo haufai kukaa hata kwa urembo.

Sasa pepaminti. Nimesema uiweke ya tatu, na nisingependa ulaumu mikono yako isipokuwa kama ile ya picha za Ulaya. Pepaminti ni mmea wa siku ndefu. Kule ilikozaliwa, mwezi Juni jua linakaa angani zaidi ya saa 16, na mmea unanyooka, unatanua majani, unajaza mafuta, kisha unatoa maua. Dar es Salaam mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, tofauti ni robo tatu ya saa hivi kati ya Juni na Desemba. Pepaminti ikikosa mchana mrefu hulala chini, inatoa mikono mingi ya kutambaa na majani madogo, na maua ni nadra. Tena kuna suala la usiku. Usiku wa joto pamoja na mchana mfupi huufanya mmea utengeneze zaidi pulegoni na mentofurani, ambazo zina harufu kali yenye uchungu, badala ya kuzigeuza kuwa mentoli. Kwa kikombe cha chai hilo si tatizo la afya, viwango ni vidogo, ila ladha haiwi ile safi unayoitarajia. Itafute, ipande, ila ujue utapata pepaminti ya pwani. Miezi ya Juni hadi Agosti, usiku ukipoa, utaona inachangamka.

Kwa wasomaji wa Lushoto, Njombe, Mbeya au Limuru mambo ni tofauti. Mchana ni ule ule, lakini usiku wa baridi unasaidia sana, na huko ningesema pepaminti iwe ya kwanza kama unapenda chai yenye ubaridi. Hata ya tufaha huko inapata afya nzuri. Angalieni tu msiipande moja kwa moja kwenye tuta la mboga, maana msimu wa pili mtakuwa mnang'oa nanaa kwenye karoti.

Turudi uani kwako. Saruji uliyonayo ni bahati, kwa sababu mikono ya nanaa haina pa kutorokea. Ndoo za rangi za lita 20 zinafaa zikioshwa vizuri, au dumu la lita 20 lililolazwa na kukatwa ubavu, ambalo mimi nalipenda zaidi kwa sababu nanaa inataka upana kuliko kina. Toboa matundu chini, yasiwe mawili, yawe manane au kumi. Udongo: sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa, isiyonuka, na moja ya mchanga kama udongo wenu ni wa mfinyanzi. Inua ndoo kwa vipande viwili vya tofali ili maji yachuruzike. Weka upande unaopata jua la asubuhi mpaka kama saa tano, kisha kivuli cha ukuta. Kivuli cha kutwa nzima kinakupa mashina marefu membamba yenye harufu kidogo, na jua la kutwa nzima mwezi wa pili litakumalizia ndoo.

Usichanganye aina mbili kwenye ndoo moja. Watu huamini kwamba zikikaa pamoja zinaambukizana ladha. Mmea uliokwisha kuota haubadiliki. Kinachotokea ni kwamba ile yenye nguvu inaisonga nyenzake kwa mizizi, na baada ya miezi sita unachuma moja ukidhani ni zote mbili.

Maji ya kisima ndiyo yanayonipa wasiwasi kwa upande wako. Nanaa inapenda udongo wenye unyevu wakati wote, kwa hiyo inakunywa sana, na kila unapoimwagilia maji ya chumvi, maji yanapanda hewani na chumvi inabaki ndoo. Dalili utaiona mwenyewe: kingo za majani zinakuwa kahawia na kukakamaa kuanzia nchani, huku katikati ya jani bado ni kijani, na juu ya udongo au mdomoni mwa ndoo panajitokeza unga mweupe. Watu wakiona hivyo hudhani ni kiu na kuongeza maji yale yale. Fanya hivi: siku bomba likitoka, jaza ndoo moja ya akiba kwa ajili ya nanaa tu, maji ya kuoshea mchele nayo yanafaa. Mvua ikinyesha toa ndoo zako zilowe. Na kila baada ya wiki mbili tatu, kama umelazimika kutumia ya kisima, mwaga maji matamu mengi kwa mkupuo mpaka yatoke chini kwa nguvu, yaoshe ile chumvi.

Vile vidoa vya rangi ya machungwa nilivyotaja ni kutu, ugonjwa wa ukungu uitwao *Puccinia menthae*. Unaanza chini ya jani kama unga wa binzari, kisha jani linakauka na kudondoka. Masika, hewa ikiwa nzito, ndiyo msimu wake. Sipendekezi upulizie dawa mmea ambao majani yake unakula mabichi. Kata mashina yote mpaka kwenye udongo, yachome au uyatupe mbali, usiyaweke kwenye mboji. Wakulima wakubwa huzamisha mizizi kwenye maji ya nyuzi 44 za Selsiasi kwa dakika 10, kisha kwenye maji baridi. Bila kipimajoto utaichemsha tu, kwa hiyo kwako ni rahisi kuanza upya na vipande safi. Hiyo nayo ni faida ya kuwa na ndoo mbili zilizokaa mbalimbali. Utitiri mwekundu huja kiangazi, majani yakiwa na vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kwa chini. Mwoshe kwa maji ya mpira asubuhi, ukilenga chini ya majani, siku kadhaa mfululizo. Inzi weupe nao hawapendi kuoshwa.

Kuchuma ni kukata. Kudonoa jani moja moja kunaacha vijiti vilivyo uchi. Shina likifika urefu wa shibiri moja, likate juu ya jozi ya majani ukiacha vidole vitatu kutoka kwenye udongo, na kila kikwapa cha jani kitatoa tawi lake. Leo unakata ndoo ya kwanza, ya pili inapumzika, wiki ijayo unabadilisha. Baada ya kila mkato mzito, konzi ya samadi juu inatosha.

Baada ya miezi minane hivi utaona katikati ya ndoo pamekuwa na upara na majani yote yamekimbilia ukingoni. Pindua ndoo, ugonge kitako. Kitakachotoka ni donge lenye umbo la ndoo, limezungukwa na mikono mieupe iliyojiviringa ukutani safu juu ya safu, kila kifundo kina ndevu za mizizi, na udongo karibu umekwisha. Chagua mikono minono ya ukingoni, ukate vipande vya urefu wa kidole vyenye vifundo viwili vitatu, uvilaze kwenye udongo mpya kina cha vidole viwili. Sehemu ya katikati iliyogeuka mti itupe. Mwanzo wa vuli au wa masika ndio wakati mzuri wa kazi hii.

Kuhusu mama mkwe, gesi na kiungulia ni vitu viwili. Kwa tumbo kujaa, chai ya nanaa baada ya chakula ni kinywaji kizuri, na pepaminti ndiyo inayotajwa zaidi kwa sababu mentoli hulegeza misuli ya utumbo. Tatizo ni kwamba inalegeza pia ule mlango ulio juu ya tumbo, asidi ikapanda kooni, ndiyo kiungulia chenyewe. Ndiyo sababu mafuta ya pepaminti ya hospitali, yanayotolewa kwa maumivu ya utumbo, huwekwa kwenye vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni. Mpe ya kawaida, hafifu, asilale mara baada ya kunywa, na ukiona kiungulia kinazidi, acheni. Kikiwa kinamjia kila mara, aonane na daktari, kwani kwa mtu mzima si jambo la kutibiwa kwa majani peke yake. Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, asipakwe kitu chenye mentoli puani wala kifuani hata akiwa na mafua, maana kinaweza kumbana pumzi.

Mbu, mwishowe. Mnanaa uliokaa ndoo haufukuzi mbu. Mafuta yake yamefungiwa kwenye vifuko vidogo juu ya jani, hayatoki mpaka jani lisuguliwe, na hata ukijisugua harufu inaisha upesi. Chandarua hakina mbadala. Ila ndoo zako zinaweza kuwaleta mbu: ukiweka kisahani chini ya ndoo maji yakatuama, *Aedes*, yule mbu wa mchana mwenye miguu ya madoa meupe anayeeneza dengue, huzalia humo humo, na Dar tumeshapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo tumia matofali, visahani acha, na hiyo ndoo yako ya maji ya akiba ifunike.